Ziwa Likiwa Shwari

Toleo hili linahusu hali ya hewa na tabia za watu, na tangu mwanzo tuliwaomba waandishi wetu jambo moja: wasianze na dhoruba. Mazoea ya kusema kwamba mtu hujulikana siku ya tufani yamekaa sana vinywani mwetu, nasi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tuna sababu nzito ya kuyakataa.

Meli ya MV Bukoba haikuzamishwa na tufani Mei 21, 1996. MV Nyerere nayo ilipinduka Septemba 20, 2018, siku ya gulio la Bugolora, ikikaribia gati la Bwisya kisiwani Ukara. Kivuko cha abiria 101 kilikuwa kimebeba watu zaidi ya mara mbili ya hao, pamoja na magunia yao. Waliokufa walizidi 220. Yaliyowaua yaliamuliwa gatini, kila mmoja akiwa na utulivu wake: aliyeruhusu gunia moja zaidi, aliyenyamaza akiona kivuko kimelala upande, aliyesema atajibana tu. Woga haukuwapo kabisa, na ndiyo maana naamini kwamba tabia zetu zilionekana pale bila pazia.

Ziwa lenyewe lina mwenendo unaotufundisha haya kila siku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, maji hubaki na joto lake, na upepo hutoka kila upande wa ufukwe kuelekea katikati. Unapokutana huko, hewa yenye unyevu hupanda na kuwa mawingu ya radi. Kwa hiyo radi nyingi za ziwani hupiga usiku, na usiku wa giza ndio saa ya kazi ya mvuvi wa dagaa mwenye taa zake. Anaondoka mwaloni jioni, maji yametulia. Kuvaa boya au kuliacha nyumbani, kuziba ufa wa mtumbwi au kuahirisha mpaka kesho, hayo anayaamua kabla ya wingu la kwanza. Radi ikishapiga, hana tena nafasi ya kuwa mwangalifu.

Wapo waliodhani kwamba hali ya hewa yenyewe ndiyo huumba hulka. Mwanazuoni Ibn Khaldun aliandika hivyo katika Muqaddimah, mwaka 1377. Montesquieu wa Ufaransa akasema yanayokaribiana na hayo mwaka 1748. Nawaheshimu wote wawili, ila Ukara inawapinga. Kisiwa kile ni kidogo, udongo wake ni wa kichanga, na watu ni wengi. Wakara waliukabili ufinyu huo kwa kazi ya kushangaza: ng'ombe wakafungwa zizini na kukatiwa majani, samadi ikabebwa shambani msimu hata msimu, mawe yakapangwa kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Hata hivyo, wengi waliohamia bara wakapata ardhi tele waliiacha kazi hiyo. Jua ni lile lile, mtu ni yule yule; kilichobadilika ni nafasi. Siwalaumu, maana ardhi tele haidai jasho kama lile. Lakini utulivu wa ziwa si ardhi tele, huondoka usiku huo huo, nasi tunaupokea kana kwamba tumepewa moja kwa moja.

Hapa kwetu Mkuyuni, kando ya ziwa, ushahidi wa jambo hilo uko mlimani. Nyumba zimejipanga kati ya majabali, na maji ya mvua yanashuka kwa kasi kwa sababu mwamba haunywi maji. Juni hadi Agosti mitaro ni mikavu. Anayeishi juu akimwaga taka mtaroni miezi hiyo, haoni dhara lolote, wala jirani wa bondeni halioni. Mvua za vuli zikija, taka zile zinaziba njia ya maji, na maji yanaingia kwa mtu ambaye hakuzimwaga. Siku hiyo majirani wote huwa wema, hubebeana watoto na magodoro. Wema huo ni wa kweli, nami nimeuona. Bado nauliza ulikuwa wapi Julai.

Vuli huanza Oktoba. Ewe unayekaa juu, fukua mtaro wako Septemba, na ukifika gatini ukakuta kivuko kimejaa, shuka, umshike mkono na mwenzako mshuke pamoja.