Reli ya mita ihesabiwe ekseli kwanza

NJIA MOJA
Na Rashidi Mkopi

Tangu treni za reli ya kisasa (SGR) zianze kwenda Dodoma mwaka 2024, reli ya mita imegeuka mtoto wa kambo. Wachache wanaoikumbuka wana swali moja: nayo itajiendesha lini bila dereva?

Japani wanalo jibu. Reli zao nyingi zina upana wa milimita 1,067, sawa na TAZARA. Kwenye njia ya Kashii, mkoani Fukuoka, kampuni ya JR Kyushu ilianza kujaribu uendeshaji wa kiotomatiki kwa treni zenye abiria Desemba 2020, na Machi 2024 kiti cha mbele kikaachiwa mfanyakazi asiye na leseni ya udereva. Kazi yake ni kutazama njia na kufunga breki ya dharura mtu akikatiza reli. Kilichonivutia ni kwamba hawakung'oa mitambo ya ishara waliyokuwa nayo. Kile kifaa kilichokuwa kikifunga breki dereva akizidisha mwendo ndicho walichokijengea kompyuta ya kuendesha. Ulinzi ulitangulia.

Kwetu, sehemu kubwa ya reli ya mita bado inakwenda kwa maneno: stesheni masta anazungumza na mwenzake, dereva anapewa ruhusa, treni inaondoka. Waingereza walishalipia utaratibu wa namna hiyo. Mwaka 1874, huko Thorpe karibu na Norwich, simu ya maandishi iliyokosewa iliruhusu treni mbili kuingia njia moja zikielekeana, wakafa watu 25. Miaka minne baadaye Edward Tyer akatengeneza mashine mbili zilizounganishwa kwa umeme, moja kila stesheni. Ukishatoa kisahani kimoja cha chuma, kingine hakitoki upande wowote mpaka hicho kirudishwe, na dereva asiye na kisahani haondoki. Hata leo, ukiondoa skrini na antena, kiini cha usalama wa njia moja ni hichohicho.

Sasa mtambo utajuaje kama njia ni tupu? Mbinu iliyozoeleka duniani ni kupitisha umeme mdogo relini. Magurudumu yakiunganisha reli mbili, mtambo unajua kuna treni. Lakini reli ya kati ilijengwa na Wajerumani kwa mataruma ya chuma. Taruma la chuma lisilo na kizuia umeme nalo linaunganisha reli mbili, na mtambo utasema kuna treni usiku na mchana. Ukitaka umeme huo, jiandae kubadili mataruma kwanza.

Ndiyo maana mimi nachagua vihesabu ekseli. Injini ya ekseli 6 ikivuta mabehewa 20 ya ekseli 4, kifaa kinahesabu 86 zikiingia kipande cha njia. Upande wa pili zikitoka 82, kuna behewa limekatika njiani, na hakuna treni nyingine itakayoruhusiwa kuingia. Vifunge kwenye stesheni za kupishana, ongeza redio ya kumpelekea dereva ruhusa na kompyuta ya kufunga breki akiipitiliza, na hapo una reli iliyo salama bila kutandaza nyaya porini. ETCS, mfumo wa Ulaya wa kudhibiti treni unaotumika kwenye SGR, ni mzuri, lakini kuusimika mzima mpaka Kigoma kwa ajili ya treni chache ni anasa.

Tusidanganyane lakini. Juni 2002, kule Igandu, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Taa za ishara hazishiki gurudumu. Breki mbovu inatibiwa karakana, na fedha ya karakana isikatwe kununulia kompyuta.

Vihesabu navyo vina kasoro: umeme ukikatika hesabu inaweza kupotea, na lazima mtu athibitishe njia ni tupu kabla ya kurudisha sifuri. Mkataba wa vifaa hivyo useme wazi ni nani ataruhusiwa kubonyeza kitufe hicho, na nani atakwenda kukagua njia kabla hakijabonyezwa.