Tarakilishi na Dai la Usafi
Wapo wataalamu wanaoitetea tarakilishi dhidi ya kompyuta kwa hoja kwamba ya kwanza ni Kiswahili safi. Hoja hii haina mashiko. Tarakilishi imetokana na tarakimu na akili, nomino mbili ambazo asili yake ni Kiarabu. Wakijibu kwamba zimekwisha kutoholewa na kuzoeleka, watakuwa wamekubali kwamba mazoea, wala si asili, ndiyo yanayolifanya neno kuwa la Kiswahili. Na kwa kipimo hicho kompyuta haina upungufu wowote. Thamani ya tarakilishi imo katika uundaji wake: uhulutishaji ule ule uliozaa chajio kutokana na chakula cha jioni, ukiongezewa unyambuaji wa akili. Ajabu ni kwamba hoja ya usafi haiugusii.