Tunahitaji Watafiti wa Sheria za Kazi Kutoka Garsen

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Tukiulizwa darasani tunataka kuwa nani, utasikia daktari, rubani, mbunge. Mimi nilisema nataka kuwa mtafiti wa sheria za kazi, yule anayewasaidia waheshimiwa kabla hawajatunga sheria. Darasa zima likaangua kicheko. "Si afadhali uwe mheshimiwa mwenyewe?" mmoja akaniuliza. Wacha nimjibu hapa.

Mbunge huletewa mambo mengi: maji, barabara, usalama, kodi. Hawezi kuyasoma yote. Ndiyo maana Bunge lina watafiti wake. Mheshimiwa akitaka kuleta mswada kuhusu vibarua, mtafiti husoma sheria iliyopo, hutazama hukumu za mahakama, hulinganisha na nchi nyingine, kisha humwandikia kwa ufupi: hali ni hii, pengo ni hili, njia ni hizi. Hapigi siasa wala jina lake halitajwi redioni. Lakini akikosea yeye, mheshimiwa naye atakosea mbele ya taifa zima.

Sasa tuje kwetu. Mjomba wangu alifanya kibarua katika shamba moja kando ya Mto Tana kwa miezi saba mfululizo, akilipwa jioni kwa jioni. Siku moja jembe likamkata mguu. Akaambiwa, "Nenda, ukipona uje." Aliporudi akakuta nafasi yake ina mtu. Sote nyumbani tuliona ni bahati mbaya tu. Kumbe sivyo! Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kuwa mtu wa siku, bali mwajiriwa wa mwezi. Kifungu cha 30 nacho kinampa aliyetimiza miezi miwili likizo ya ugonjwa, akiwa na cheti cha daktari: angalau siku 7 kwa malipo kamili na siku 7 kwa nusu malipo.

Basi mbona sheria hiyo haikumfikia? Mjomba hakuwa na karatasi yoyote, na sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua. Isitoshe, kuna mchungaji anayelisha ng'ombe wa mwingine mwaka mzima kisha akalipwa ndama, ilhali kifungu cha 17 kinataka mshahara ulipwe kwa pesa za Kenya. Je, tumkataze ndama wake, au sheria itambue desturi hiyo na kumlinda? Aliyezoea ofisi za Nairobi hata swali lenyewe halitamjia. Aliyekulia Garsen analo tayari. Tena mtafiti mwema amsikilize mwenye shamba pia, kwani mafuriko yakija naye hubaki mikono mitupu.

Wengine watasema tuwaachie wawakilishi wadi wetu. Lakini Katiba ya 2010 imeweka viwango vya kazi mikononi mwa serikali ya kitaifa, kwa hivyo lazima habari zetu zifike Nairobi.

Nina pendekezo kwa chama chetu cha Kiswahili. Sisi wa shule ya kutwa hulala nyumbani kila siku. Kila mmoja aulize jioni: nani anafanya kazi gani, siku ngapi, analipwa nini, ana karatasi? Tuyaandike bila kutaja majina, tuyapeleke Bungeni. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lake, na kifungu cha 120 kinasema Kiswahili ni lugha rasmi humo.

Kunguni wa kitanda chetu tunawajua sisi. Tusingoje wengine waje kutuhesabia.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu