Mayai ya Nani?

Jumapili nyingi ibada ikiisha hatuendi nyumbani moja kwa moja. Tunasimama nje kwenye mnada. Pana mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, boga, maziwa na trei ya mayai. Mzee wa kanisa mwenye sauti anainua trei juu. Elfu kumi! Kumi na tano! Mmoja anataja elfu hamsini, vigelegele vinapigwa. Analipa, kisha anairudisha inadiwe tena, na jina lake linatajwa mara ya pili.

Sasa niwaulize, wapendwa: mayai yale aliyaleta nani?

Hatujui. Mtu aliyakusanya siku nyingi, moja moja, akijinyima fedha ambayo angeipata sokoni. Aliyafikisha madhabahuni asubuhi, akaenda kuketi. Aliyenunua naye ametoa, sikatai. Lakini tumezoea kumwona mmoja tu kati ya hao wawili, na macho yetu yakishazoea hivyo kanisani, hata nyumbani na kazini hatuoni tena utumishi usiopigiwa makofi.

Siupingi mnada. Ni njia njema kwa mkulima asiye na fedha mkononi: anatoa alichonacho, nacho kinageuka saruji na posho ya mwinjilisti. Ninachopinga ni kupima imani kwa kinachoonekana. Na ugonjwa huu umeingia hata kwenye bahasha za ahadi. Ziko sharika zinazobandika ubaoni orodha: namba ya bahasha, ahadi, alicholipa, anachodaiwa. Ati ni namba tu, si jina. Nani katika jumuiya asiyejua namba ya jirani yake?

Nasema haya nikiwa mkosaji. Orodha ya namna hiyo niliwahi kuikubali mwenyewe. Baraza lilipendekeza, nami nililiwaza paa la kanisa kuliko watu waliokaa chini yake. Baada ya miezi kadhaa mama mmoja mjane akaacha kuonekana ibadani. Nilikwenda kwake nikiwa na maneno ya kumwonya. Sikumkuta. Nilielekezwa nyumba ya tatu, na huko nikamkuta anamwogesha bibi wa jirani aliyepooza. Alifanya hivyo kila asubuhi, na hakuna kamati iliyomtuma. Akajifuta mikono kwa kanga, akaniambia, "Mchungaji, nitarudi nikishapunguza deni la Kanisa."

Deni la Kanisa! Yule aliyekuwa akiishi injili kuliko mimi alijiona hastahili kuisikia, na aliyemfikisha hapo ni mchungaji wake.

Sisi ni Walutheri. Tunajua kwamba mwaka 1517 Martin Luther alisimama kupinga uuzaji wa vyeti vya msamaha. Tunalisimulia kila Oktoba kwa fahari, kana kwamba dhambi ile ilikuwa ya watu wengine. Vyeti hatuuzi, lakini maskini wetu bado anaamini kuna kiasi lazima alipe kabla ya kuinua uso mbele za Mungu. Katika Katekisimu Ndogo ya 1529, ile tuliyoikariri kipaimara, Luther anamwelekeza Mkristo aamke, aombe, kisha aende kazini kwake kwa furaha. Ni basi. Ibada inaendelea shambani, dukani, na kwenye beseni la maji ya kumwogeshea mgonjwa. Huko hakuna mhazini wa kuandika.

Nimeambiwa na wazee ninaowaheshimu, "Mchungaji, bila kutaja majina fedha haitoki." Huenda ni kweli. Lakini ni nani aliyewafundisha washarika kutoa kwa kutajwa, kama si sisi tuliosimama mbele na kipaza sauti? Katika Mathayo sura ya 6 Yesu anasema watu wa namna hiyo wamekwisha kupata malipo yao. Na sisi wachungaji tunaonywa kwanza, tuliozoea kiti chenye kitambaa na sahani iliyofunikwa msibani, huku vijana waliochimba kaburi wakisubiri foleni.

Wala msidhani kuketi nyuma ndiyo unyenyekevu. Wengine huketi nyuma ili wawahi kutoka.

Orodha tuliiondoa. Nilikwenda kwa yule mama kumwomba radhi, akanisamehe haraka mno, kuliko nilivyotarajia, na Jumapili iliyofuata alikuja. Makusanyo yalishuka, na hayajarudi yote. Upande mmoja wa kanisa bado hauna bati mpya, kwa hiyo mvua ikinyesha tunasogeza mabenchi na kuendelea na ibada. Wapo wasionisalimia vizuri tangu siku ile, na wawili kati yao ni wajumbe wa kamati ya ujenzi.