Ng'ambo ya Mpaka wa Illasit: Rai ya Mwalimu Aliyerejea

Neno "ughaibuni" likitajwa katika idara zetu za Kiswahili, macho ya wanafunzi huelekea Marekani. Sote tunamjua mwenzetu fulani aliyechaguliwa na mpango wa Fulbright kwenda kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha huko kwa mwaka mmoja wa masomo, akarejea na koti zito na hadithi za theluji. Aidha, tangu mwaka 2018, Afrika Kusini ilipotangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule zake kama somo la hiari, wapo wanaolitazamia bara hili upande wa kusini. Sina kinyongo na safari hizo. Mimi ughaibuni nilikwenda kwa miguu.

Nimezaliwa na kulelewa Illasit, mji mdogo wa mpakani ulio kusini mwa Kaunti ya Kajiado, chini ya Mlima Kilimanjaro. Ng'ambo ya mpaka ni Tarakea, katika Wilaya ya Rombo, nchini Tanzania. (Nasi upande wa Kenya tunayo Rombo yetu, jina halihitaji pasipoti.) Siku ya soko, Mmasai, Mchaga, Mkamba na Mkikuyu huuziana nyanya, vitunguu, ndizi na mahindi kwa Kiswahili, na hakuna anayeuliza ni Kiswahili cha nchi gani. Kwa hiyo nilipovuka Januari 2023 kwenda kuishi na kufundisha upande wa pili, nilidhani ninahama mtaa tu.

Nilivuka kwa sababu ambayo wasomaji wengi wa jarida hili wanaifahamu au wataifahamu karibuni. Nilikuwa na shahada, nilikuwa nimesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, na foleni ya kuajiriwa ilikuwa ndefu. Shule moja ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza ilikuwa ikitafuta mwalimu kutoka Kenya, kwani Wakenya tunasifiwa huko kwa Kiingereza chetu. Hivyo basi, nilivuka nikiwa na shahada ya Kiswahili mkobani ili nikawafundishe watoto wa Kitanzania Kiingereza. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, nao ulimalizika Desemba 2024.

Shuleni kulikuwa na kibao. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, na mtoto aliyesikika akizungumza Kiswahili alivishwa shingoni hadi apatikane mwingine wa kukirithi. Nakumbuka msichana wa darasa la tatu aliyekivaa tangu mapumziko ya saa nne hadi jioni kwa kosa la kuuliza, "Nani amechukua kifutio changu?" Sentensi hiyo haina kasoro yoyote ya sarufi. Mwalimu wa zamu siku hiyo nilikuwa mimi. Mimi niliyeandika tasnifu juu ya hadhi ya Kiswahili ndiye niliyeifunga kamba ile. Sikupinga, mshahara ulikuwa unalipa karo ya mdogo wangu, nami nilijiambia kuwa sheria hiyo niliikuta. Tena haikuwa ngeni kwangu. Nilipokuwa mwanafunzi hapa Kajiado tulivishwa kibao cha namna hiyo hiyo kwa kuzungumza Kimaa.

Nisieleweke vibaya. Simlaumu mzazi aliyempeleka mwanawe katika shule ile. Nchini Tanzania shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza, kana kwamba amevushwa mto usiku akaambiwa aendelee na safari. Mzazi anayeuza ndizi ili alipe ada ameuona mto huo mapema. Ninachokilaumu ni kibao. Kiingereza kinaweza kufundishwa vizuri bila ya mtoto kuonewa haya na lugha ya mamake.

Sasa niseme jambo lililoniuma zaidi, kwa kuwa linatuhusu sisi wa idara za Kiswahili kuliko linavyowahusu wao. Jirani yangu alikuwa na kijana wa darasa la sita katika shule ya serikali. Jioni moja alibisha mlangoni na daftari mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Samahani, Mwalimu. Mama amesema wewe umesomea Kiswahili chuo kikuu. Naomba unisaidie hapa."

Nilipotazama niliona swali la kutafuta KDS ya namba tatu. Nilimuuliza KDS ni nini. Akadhani ninampima, akajibu kwa adabu, "Ni kigawe kidogo cha shirika." Sikuelewa. Nilijua ngeli zote, nilijua tashbihi na tashihisi, niliweza kuainisha mashairi kwa idadi ya mishororo, lakini sikuweza kufanya hesabu ya darasa la sita katika lugha niliyoisomea miaka minne. Tuliifanya pamoja, yeye akiwa mwalimu.

Baada ya hapo niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu wa shule yake, nikawa ninakwenda alasiri nisizokuwa na vipindi na kuketi nyuma ya darasa. Mwalimu wa Hisabati alikuwa mama aliyekaribia kustaafu. Alizungumza juu ya kiasi na asili ya sehemu, akapima mzingo wa duara, akachora nusukipenyo, na watoto zaidi ya hamsini wakamfuata bila ya kamusi. Katika somo la Sayansi nilisikia usanisinuru ukielezwa na mtoto aliyesimama mbele ya ubao na jani la mgomba mkononi. Istilahi hizi nilikuwa nimezikariri kwa ajili ya mtihani wa leksikografia, kama mtu anayekariri majina ya samaki bila ya kufika baharini. Daftari langu lilijaa.

Waama, hapa ndipo ilipo rai yangu. Kwetu Kenya Kiswahili ni somo. Tangu mwaka 1985, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya 1981, ni somo la lazima linalotahiniwa, na Katiba ya 2010 imekifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tumepata ushindi mkubwa. Lakini tunakifundisha kama chombo cha makumbusho kinachopanguswa vumbi na kurudishwa kabatini. Msamiati mwingine tumeuzalisha kwa ajili ya karatasi za mtihani tu. Nilipotaja "rununu" na "tarakilishi" mbele ya walimu wenzangu wa Kitanzania walicheka hadi wakatokwa machozi; mmoja aliniuliza kama hao ni ndege wa Maasai Mara. Nilinuna kidogo, nikakumbuka kwamba hata Illasit sijapata kusikia mtu akimwomba mwenziwe rununu.

Napendekeza kwamba idara zetu ziwapeleke wanafunzi wa Kiswahili kufanya mazoezi ya kufundisha ng'ambo ya mpaka, hata kama ni kwa muhula mmoja, katika shule za msingi za serikali ambako Kiswahili kinabeba mzigo wa masomo yote. Kutoka Illasit waende Tarakea, kutoka Taveta waende Holili, kutoka Lunga Lunga waende Horohoro. Wenzetu nao waje kwetu waone jinsi tunavyofundisha fasihi na sarufi, kwani katika hayo walikiri kwamba tunao utaratibu mzuri. Nauli yake hailingani na ya kumpeleka mtu mmoja Ulaya.

Najua pingamizi litakuwa vibali. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, lakini kila nchi ilijiwekea ratiba na masharti yake, na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya Tanzania ya mwaka 2015 ilinihusu mimi wa Illasit sawasawa na ilivyomhusu mtu wa Ulaya. Kibali cha kazi kilikuwa chake na cha ukaazi chake. Siku za mwisho wa mkataba nilizimaliza nikizungusha makaratasi. Hata hivyo, mwanafunzi aendaye kujifunza si mwajiriwa, na jambo hili linaweza kuzungumzwa. Tunayo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar. Vyama vyetu hukutana katika makongamano, tukasoma makala, tukaghani mashairi, tukapiga picha, tukarudi makwetu. Kongamano lijalo litenge hata saa mbili za kuandika pendekezo la aina hii na kulitia sahihi.

Siku ya kukabidhi ofisi niliondoa vitu vyangu mezani. Kibao kilikuwa ndani ya droo, kwa kuwa wiki hiyo zamu ilikuwa yangu. Aliyenipokea alikuwa kijana mwingine kutoka Kenya, naye pia amesomea Kiswahili. Katika orodha ya makabidhiano niliandika: "Kibao kimoja, kamba imekatika." Kamba niliikata mimi. Mbao sikuthubutu kuitupa, na sijui kama walifunga kamba nyingine.

Mwezi Juni mwaka 2025, wakati wa likizo, nilikutana sokoni Illasit na yule kijana wa jirani. Alikuwa amevuka na mama yake kuuza ndizi, na sasa alikuwa kidato cha kwanza. Baada ya salamu aliniomba jambo moja: nimwambie kigawe kidogo cha shirika huitwaje kwa Kiingereza, kwani mwalimu wao wa Hisabati analitaja kwa kasi na yeye anaona haya kuuliza. Tuliketi juu ya gunia la vitunguu, nikafungua lile daftari upande wa nyuma, tukaanza kuandika orodha.