Kufuli kwenye flashi ya mjomba

KUTOKA KUSINI
Na Rashidi Chilumba

Julai 29, 2020, siku Rais mstaafu, Mzee Benjamin Mkapa, alipozikwa Lupaso, Masasi, mjomba wangu hakwenda. Miguu ilishamkatalia safari. Alikaa nyumbani kwake Nachingwea mbele ya televisheni tangu asubuhi, flashi imechomekwa nyuma ya king'amuzi, akabonyeza kitufe chekundu cha rimoti na kurekodi matangazo ya TBC1 mpaka kaburi lilipofunikwa. Aliniambia anawawekea wajukuu. Rais aliyetoka wilaya ya jirani, kwetu sisi watu wa kusini, hapatikani kila kizazi.

Kwa miezi kadhaa flashi ile ilikuwa sehemu ya ukarimu wa nyumba. Mgeni akija, akishakunywa chai, anaonyeshwa mazishi ya Mzee Mkapa. Masika ikafika, radi ikapiga, king'amuzi kikaungua. Mjomba akanunua kingine cha kampuni ileile, akalipia kifurushi, akachomeka flashi. Jina la faili likatokea, na tarehe, na urefu wa saa na dakika. Alipobonyeza ili lifunguke, skrini ikawa nyeusi na maandishi yakasema faili haliwezi kuchezwa.

Fundi wa pale Nachingwea aliichomeka kwenye kompyuta, akajaribu programu tatu, akatikisa kichwa. Nikapanda gari nayo mpaka Ruangwa, kwa kijana mmoja ninayemwamini kwa vitu hivi. Aliitazama kidogo tu, akaniambia: "Kaka, hii haijaharibika. Imefungwa, na ufunguo umeungua na king'amuzi."

Ndivyo vinavyofanya kazi ving'amuzi vya namna hiyo. Unaporekodi, picha haiandikwi kwenye flashi kama ilivyo. Inavurugwa kwanza kwa hesabu za siri, na ufunguo wa kuipanga upya unabaki ndani ya king'amuzi kilichorekodi. Chomeka flashi hiyo kwenye kompyuta, kwenye televisheni ya jirani au kwenye king'amuzi kingine cha kampuni hiyohiyo, hutapata kitu. Lengo la kufuli ni kuzuia watu wasirudufu vipindi na kuviuza.

Sasa niseme nilichokiona mezani kwa yule kijana wa Ruangwa. Wakati mimi nasubiri, walipita watu wanne kujaziwa muvi kwenye flashi. Za Kikorea, za Kihindi zilizotafsiriwa, na za Kibongo ambazo walioziigiza hawataona hata shilingi. Zote zilifunguka mara moja. Zitafunguka kwenye televisheni yoyote, kwenye redio za sola zenye skrini, hata kwenye simu. Kazi iliyoibwa haina kufuli. Iliyofungwa ni ya mzee aliyenunua king'amuzi kwa fedha yake, akalipa kifurushi, akarekodi mazishi ya kitaifa kutoka televisheni ya taifa. Hilo ndilo linaloniuma, na siwezi kulisema kwa upole kuliko hivi.

Enzi za deki hapakuwa na shida hii. Mtu alirekodi ngoma au hotuba kwenye kanda, na deki ikiharibika kanda inahamia kwa jirani. Huko Marekani makampuni ya filamu yaliishtaki Sony kwa sababu ya mashine hizohizo, na Januari 1984 Mahakama ya Juu ya nchi ile, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikasema mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akiangalie baadaye havunji sheria. Ilipokuja dijitali, mamlaka yao ya mawasiliano ikatunga kanuni mwaka 2003 ya kulazimisha vifaa vya kupokea televisheni ya dijitali vitii alama ya kuzuia matangazo ya bure yasinakiliwe na kusambazwa ovyo. Mei 2005 mahakama ikaifuta kabla haijaanza kutumika, ikisema mamlaka haikuwa na uwezo huo kisheria.

Na sisi sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ilipitishwa Mkapa mwenyewe akiwa Ikulu. Kifungu cha 12 kinaruhusu mtu kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kwa matumizi yake binafsi bila kumwomba mwenye kazi. Zaidi ya hapo, miaka ya karibuni imewekwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyoweza kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa, ili wasanii wapate chao. Naiunga mkono tozo hiyo. Lakini mwananchi akishachangia kwa sababu kifaa chake kinanakili, anyimwe nakala kwa hoja ipi?

Sisemi kufuli zote ziondolewe. Kampuni ya televisheni ya Azam ilisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu, na sehemu ya fedha hizo inafika Ruangwa kupitia timu ya Namungo. Mtu akirekodi mechi na kuisambaza vibandani, anaihujumu timu yetu. Mechi kama hiyo ifungwe. TBC1, chaneli ya bure ya taifa, ni suala jingine kabisa. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, masomo yalirushwa kwenye televisheni hiyo. Mzazi wa Nachingwea aliyekuwa shambani mchana na kurekodi somo la hesabu ili mtoto alitazame usiku, alikuwa akifanya kile hasa ambacho serikali ilitaka afanye.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikae na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, watoe agizo moja: kinachorekodiwa kutoka chaneli za bure kiandikwe kwenye flashi bila kufuli. Kwa chaneli za kulipia, kampuni zilazimike kuandika juu ya boksi, kwa Kiswahili, kwamba ulichorekodi hakitafunguka king'amuzi hiki kikifa, na ziwe na utaratibu wa kuhamishia ufunguo kwenye king'amuzi kipya cha mteja yuleyule. Jina lake na namba yake ya kadi wanazo.

Nawe msomaji, kabla hujatoa fedha dukani, muulize muuzaji kama utakachorekodi kitafunguka kwenye kifaa kingine. Asipojua, mwambie arekodi dakika mbili mbele yako, kisha aichomeke flashi hiyo kwenye king'amuzi cha pili.