Waandishi, Tumemsingizia Tasa!

Ndugu zangu wa kalamu, leo sina hadithi. Leo nina ugomvi, na naanza kugombana na mimi mwenyewe.

Nilipomaliza kidato cha nne na kubaki kijiweni pale Mwigobero, Musoma, niliandika riwaya yangu ya kwanza kwenye madaftari manne. Ndani yake kulikuwa na mwanamke tasa. Mnamjua, maana yumo hata kwenye hadithi zenu: eti mrembo, mwenye maringo, alitoa mimba usichanani au alikuwa malaya, sasa Mungu kamfunga kizazi. Sura ya mwisho mume anamtimua na msomaji anashangilia. Nikajiona mwandishi, bwana!

Mama yangu mdogo alikuja kututembelea kutoka Butiama, akaomba nimsomee. Nilipofika pale mume anapomtupia mkewe virago, akanikatiza: "Baba, hayo nani kakuambia?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mama mdogo hana mtoto. Alikaa ndani ya ndoa miaka kumi na mmoja, tumbo la chini likimuuma, damu ikimtoka kila alipolala na mumewe. Kila alipokwenda kutibiwa alipewa dawa za gono. Akameza, akarudi, akapewa tena. Mume akauliza, gono umelitoa wapi wewe? Ndoa ikafia hapo. Baadaye sana daktari mmoja alimpima vizuri akamwambia si gono. Ni kichocho.

Jamani, kichocho! Sisi wa Musoma tunakijua kile cha ziwani, cha matumbo, cha kuhara damu. Kipo kingine, cha kukojoa damu, na hapa Kanda ya Ziwa hicho hukaa zaidi kwenye malambo, vidimbwi na vijito vilivyo mbali na ziwa. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo, hukua humo, kisha hutoka na kutafuta ngozi ya binadamu. Huhitaji kuyanywa maji hayo. Kusimama tu ndani yake kunatosha. Minyoo ikishakomaa huishi kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu na kizazi, miaka mitatu hadi kumi na hata zaidi, ikitaga mayai kila siku. Mengine hutoka na mkojo. Mengine hukwama kwenye mlango wa kizazi, ukeni, hata kwenye mirija ya mayai. Pale yalipokwama mwili huvimba, huchubuka na kuacha makovu. Mirija ikiziba mimba haiingii, au inatunga nje ya kizazi, na hiyo inaweza kuua.

Sisemi kila asiyezaa ana kichocho. Sababu ni nyingi, na mara nyingine tatizo liko kwa mwanamume, ila huyo hapimwi, anaongezewa mke. Ninalosema ni kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kitandani. Mama mdogo alikulia Bunda. Lambo la ng'ombe ndilo lilikuwa bomba lao. Tangu ana miaka sita alitumwa kuteka maji, kufua nepi za wadogo zake, kuosha vyombo, maji yakimfika mapajani. Aliyeyaingia maji yale alikuwa mtoto mtiifu. Halafu sisi, tuliokunywa maji aliyoyabeba kichwani, ndio tunaomwita malaya!

Na kwetu Mara mnajua uzito wa kukosa mtoto. Tunayo hata mila ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto, au asiye na wa kiume, humwolea mahari mwanamke mwenzie ili boma lipate mrithi. Watu wanaoliogopa jambo kiasi hicho mbona hawaulizi linaletwa na nini?

Tena si ugonjwa mpya. Mwaka 1899 daktari Frank Cole Madden, huko Misri, aliandika kuhusu kichocho cha sehemu za siri za mwanamke. 1899! Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu cha picha mwaka 2015 ili waganga wajifunze kuyatambua majeraha yake. Mwaka 2022 shirika hilo likashauri kwamba palipo na kichocho kingi dawa isiishie kwa watoto wa shule, na watu wazima wapewe. Dawa yenyewe, prazikwanteli, humezwa mara moja kwa kupima uzito. Inaua minyoo, lakini haifuti makovu. Kwa hiyo msichana anayetibiwa mapema anaokolewa. Anayechelewa miaka kumi kwa kumezeshwa dawa za gono hawezi kurudishiwa mirija yake. Na yule aliyeacha shule kwenda kuuza dagaa, dawa ikigawiwa darasani itamfikia vipi?

Mtaniuliza, hayo yanatuhusu nini sisi watunzi? Yanatuhusu sana! Daktari huonana na mgonjwa dakika tano. Hadithi hukaa kichwani mwa mume, mkwe na jirani miaka yote. Mzee Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ziwa hili hili, alithubutu mwaka 1971 kuandika Rosa Mistika, kikapigwa marufuku mashuleni, lakini hakutuandikia uongo. Sisi tunaogopa nini? Kutaja mlango wa kizazi?

Basi nasema hivi. Tuache kumfanya tasa kuwa adhabu ya sura ya mwisho. Dada unayesoma, ukitokwa damu baada ya tendo, ukiumwa chini ya kitovu, na ulikulia kwenye malambo, mwambie mganga neno hilo hilo: kichocho. Mwambie kwamba kipimo cha mkojo peke yake huweza kukikosa, aangalie na mlango wa kizazi. Kaka, mkeo akiambiwa gono, usifunge virago vyake kabla hamjapimwa wote wawili.

Madaftari yangu manne nimeyachana. Mama mdogo aliniambia nisiyachome, nigeuze upande wa pili niandike upya. Ndiyo ninayoifanya sasa. Sura ya kwanza inaanzia lamboni.